Wasila wa Maswali

Wasila Farshishi hakuwahi kumuuliza mtoto swali kabla ya kuvua viatu. Aliingia kile chumba cha nyuma cha shule, akakaa, akaguna, akaviondoa miguuni kimoja kimoja. "Utaniwia radhi, mwanangu. Viatu hivi kaninunulia mume wangu, na mume wangu anadhani mguu wangu uko vile vile tangu siku ya harusi." Mtoto akicheka, nusu ya kazi imekwisha. Asipocheka, Wasila alinyamaza tu, akatazama dirishani kule ngome ya mji wa Kef inakoegemea mlima, mpaka mtoto mwenyewe achoshwe na kile kimya na aanze kusema.

Kazi yenyewe ilitoka Tunis. Madaktari wa kituo kimoja cha utafiti walitaka kujua watoto wanakuwaje watu. Si urefu, si uzito. Walitaka mambo ya moyoni: nani anamsikiliza, anakaa na nani saa ya mapumziko, anaona haya kwa lipi, anajiona wapi akishakuwa mkubwa. Walichukua watoto wa miaka kumi na miwili na kuazimia kuwafuata mpaka waoe na kuolewa. Kila mwaka mwishoni mwa baridi, lozi zikichanua, watoto wale wale, maswali yale yale.

Kabla ya hapo Wasila alikuwa mwalimu wa muda, wa kuitwa leo na kuachwa kesho. Dalenda, rafiki yake tangu chuoni, ndiye aliyesikia habari za kazi hii na kumvuta mkono. Walifundishwa pamoja, wakagawana mji. Sharti kubwa lilikuwa moja: neno la mtoto halitoki chumbani. Halimfikii mwalimu, wala mzazi, wala mwenzake. Likitoka, ni kwa sababu moja tu, pale uhai wa mtoto ukiwa hatarini, na hapo anayesema ni daktari mkuu, si muulizaji.

Wasila alilishika sharti hilo kama swala zake tano. Sokoni akina mama walimzonga kati ya mafungu ya vitunguu na pilipili.

"Wasila, ini langu, hebu nidokezee. Huyu wangu alisema nini?"

"Alisema mama yake ana maswali mengi kuliko mimi."

"Mwanamke huyu! Hata kidogo tu?"

"Kidogo ndicho hicho, dada."

Walicheka, wakampachika jina, Wasila wa Maswali. Naye alilipenda. Mtu aliyezoea kuitwa "yule mwalimu wa muda" hupata raha akiitwa jina lenye kazi ndani yake.

Mwaka wa tatu wa utafiti likaongezwa kundi jipya, na kura ikaliangukia darasa la binti yake. Eya alikuwa mtoto wa pekee, mwembamba, mwenye kicheko cha ghafla kama mtu aliyetekenywa. Daktari Munji, mkuu wa utafiti, alipiga simu kutoka Tunis kusema kwamba mtoto wa mfanyakazi anaweza kuondolewa, hakuna ubaya.

"Aondolewe kwa nini, daktari?" Wasila alisema. "Wangu si mtoto wa Kef?"

Ikakubaliwa kwamba Eya ataulizwa na Dalenda, na wengine darasani mwao watabaki kwa Wasila. Jioni Wasila alimweleza mumewe. Ridha alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha saruji, mtu wa maneno machache, aliyependa kula kimya na kuosha sahani yake mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Wenzake watajua kwamba mama yake ndiye anayewasikiliza?"

"Watajua. Kwani kuna nini?"

"Sijui," Ridha alisema. "Nimeuliza tu."

Miaka miwili ya mwanzo Dalenda alitoka kumuuliza Eya akitabasamu. Mwaka wa tatu, Eya akiwa na kumi na nne, alitoka na uso mwingine. Wasila alikuwa amemwekea glasi ya chai ya mnanaa na njugu za msonobari juu yake, kama anavyoipenda. Dalenda aliinywa amesimama, macho yakiwa mlangoni.

"Vipi?" Wasila aliuliza.

"Nzuri. Siku ndefu."

"Dalenda, nitazame."

"Usianze, Wasila."

"Mwanangu ana nini?"

Dalenda aliweka glasi chini. "Ungekuwa ni wewe uliyetoka mle, na huyo ndani ni mwanangu, ungeniambia?"

Wasila aliichukua ile glasi, maana jibu alilijua. Tangu siku hiyo urafiki wao ukawa kama mlango uliovimba kwa mvua. Unafungika, lakini kwa kusukuma.

Nyumbani alianza kuona asichokuwa akikiona. Eya alirudi kutoka shule mapema mno, kama mtu asiye na wa kuagana naye njiani. Siku za Ijumaa wasichana waliposhuka kwenye chemchemi kupiga picha na kula mbegu za maboga, yeye alikuwa na tumbo linalouma. Kile kicheko cha ghafla kiliondoka, na Wasila hakuweza kukumbuka kiliondoka lini. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akatumia sauti yake ya kazini, ile laini isiyo na haraka.

"Eya, wiki hizi mbili, umekuwa ukijisikiaje?"

Msichana aligeukia ukuta. "Mama, usinihoji."

"Sikuhoji, mwanangu. Naongea na wewe."

"Hata viatu umevua."

Wasila alitazama miguu yake. Kweli, alikuwa amevua.

Mambo yalikwenda hivyo, mwaka ukasukuma mwaka. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na Wasila alizunguka mji mzima akiwauliza watoto wa watu kama wana mtu wa kumwambia shida zao, kisha akarudi kwenye nyumba ambayo mtoto wake alikula chumbani na kutoa sahani nje ya mlango.

Eya alipofika kumi na saba lozi zilichanua mapema, na theluji ikaziangukia. Asubuhi moja Wasila alimaliza na kijana wake wa kwanza, akatoka ukumbini, akamkuta Daktari Munji. Hakuwa amepangiwa kuja Kef. Koti lake lilikuwa bado na maji ya theluji mabegani.

"Wasila, njoo ndani. Leo nakuita kama mzazi."

Maneno yale aliyajua. Yeye na Dalenda ndio waliokuwa wameyageuza kutoka Kiarabu cha vitabuni na kuyaweka katika lugha ambayo mama wa Kef atayaelewa bila kuzimia. Alikuwa amesikia daktari akiyasema kwa mama mwingine, naye akiwa ameketi pembeni na glasi ya maji tayari mkononi. Mama yule alikuwa amezitazama kucha zake muda wote, na Wasila alijiuliza siku ile kwa nini hatazami juu.

"Mwanao ametuambia jambo linalotufanya tuhofie uhai wake," Daktari Munji alisema. "Amejua kwamba tutakuambia, na amekubali. Yuko salama sasa hivi, yuko chumba cha pili na Dalenda."

"Amesema nini?"

"Amesema hataki kukifikia kiangazi. Na amelifikiria, si neno la hasira tu."

Wasila akazitazama kucha zake. "Kwa nini?"

"Sababu hajaturuhusu. Hatari ni wajibu wangu kukuambia. Sababu ni yake."

"Daktari, mimi ni mama yake!"

"Najua."

"Nimekaa na watu hawa miaka mingapi! Nimewatunzia siri zao! Mimi!"

"Najua, Wasila." Alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko ukali.

Mlango wa pili ulipofunguliwa, Eya alikuwa ameshika mkono wa Dalenda. Aliuachia polepole, kama anayekabidhi kitu, akamfuata mama yake nje. Wakaenda nyumbani kwa miguu. Theluji ililia chini ya viatu.

Siku zilizofuata nyumba yao ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa wa homa. Ridha aliomba zamu za asubuhi tu ili jioni awepo. Dawa zote zilifungiwa. Wasila aliomba likizo. Kila wiki walimpeleka Eya hospitali kwa daktari wa akili, mwanamke kijana mwenye kikohozi, ambaye naye hakusema kitu kwa mzazi zaidi ya "tunaendelea".

Kilichomshinda Wasila ni kukaa tu. Alisonga kuskusi, ile ya chembe za ngano, akaipika kwa mvuke, na kila alipompelekea Eya sahani aliona ulimi unamwasha. Akiuma ulimi, macho yake yaliuliza. Ridha aliona, akamvuta hadi jikoni.

"Muache, Wasila."

"Sijasema kitu!"

"Unamsubiri. Anaona. Wewe huwezi kukaa na mtu bila kutaka kumtoa kitu." Hakusema kwa ubaya. Alichukua sahani mbili, akaenda kukaa na binti yake mbele ya televisheni, wakatazama mpira wa timu ambayo hakuna kati yao aliyeishabikia. Baada ya muda Wasila alimsikia Eya akimuuliza baba yake kwa nini refa amepuliza, na Ridha akijibu, "Hata mimi sijui, labda baridi."

Siku ya hospitali ya wiki ya tatu Ridha alikuwa kazini, wakaenda wawili. Walipotoka kwenye foleni ya dawa, walipita kundi la wasichana wa shule na majoho yao ya shule ya rangi ya waridi, wakinunua mikate ya mayai kwenye kibanda mkabala na lango. Mmoja aliwaona. Akafunika mdomo, lakini sauti ilitoka, na ilikusudiwa itoke.

"Nyamazeni, nyamazeni, Redio hiyo!"

"Kumbe imeharibika," mwingine akadakia. "Imeletwa kwa fundi."

Wakachekea ndani ya vitambaa vyao vya shingo. Wasila aliwajua wote kwa sura na jina. Mmoja wao alikuwa amelia mbele yake miezi kumi na moja kabla, akasema hakuna duniani anayemuonea huruma. Alipiga hatua moja kuwaelekea. Kisha aliuona mkono wa Eya, umejikunja ndani ya mkono wa sweta mpaka vidole havionekani, akaendelea kutembea.

Walipanda mteremko wa kuelekea nyumbani. Katikati ya njia Eya alisimama.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Huniulizi?"

"Siulizi," Wasila alisema.

Eya alikaa kwenye ukingo wa mawe, bila kujali maji. Akasema akitazama barabara. Sirini, msichana wa darasani mwao, alikuwa akizungumza na kijana mmoja kwa simu. Kaka yake akajua. Akampiga, akamkata nywele kwa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, na familia ikamhamishia kwa bibi yake huko Sers, shule ikaishia hapo. Wiki ile ile Sirini alikuwa ametoka kuulizwa na Wasila. Hesabu haikuwa ngumu kwa mtu wa miaka kumi na nne. Sirini kamwambia Wasila, Wasila kamwambia mwanawe, mwanawe kalitangaza.

"Wakaacha kukaa na mimi. Nikiingia, wote kimya. Nikipita, 'Redio, leo kuna habari gani?' Miaka mitatu, mama."

"Kwa nini hukuniambia, ini langu?"

"Ningekuambia, ungeiacha kazi. Au usingeiacha. Sikutaka kujua ni ipi." Alivuta pumzi. "Na kingine. Nilidhani labda ni kweli. Labda ulisema mahali. Kwa baba, kwa Dalenda, mtu akasikia."

"Eya! Sijawahi kutoa neno la mtoto yeyote nje ya chumba kile. Wallahi."

"Basi nijibu. Sirini alikuambia habari za yule kijana, au hakukuambia?"

Hakuniambia. Neno lilikuwa tayari kwenye meno. Sirini hakuwahi kumwambia lolote la maana. Siku ile yote alijibu "ndiyo" na "hapana" na "sijui", akitazama mlango. Lakini hilo nalo lilikuwa neno la Sirini, hata kimya chake kilikuwa chake, na Wasila alikuwa ameapa.

"Siwezi," alisema.

Eya alimgeukia. "Hata leo?"

Msichana akainuka, akapanda mlima peke yake, na Wasila akamfuata nyuma akilia waziwazi barabarani, mbele za watu waliomjua.

Siku ya pili, Ridha akiwa amekaa na Eya, Wasila alichukua gari la mumewe, akaendesha hadi Sers. Hakumwomba Daktari Munji ruhusa, maana alijua angemkatalia.

Alimkuta Sirini kando ya barabara kuu, chini ya paa la mabati, mbele ya tanuri la udongo. Alikuwa akilowesha donge bapa la unga kwa kiganja na kulibandika ndani ya ukuta wa moto, mkono unaingia na kutoka bila woga. Alikuwa amekuwa mwanamke. Uso ulikuwa mwekundu kwa joto, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Mikate mingapi, mama?" alisema, kisha akamtambua. Mkono ukasita. "Aa. Wasila wa Maswali. Umenifuata mpaka huku?"

"Sikuja kikazi. Nimekuja kama mama wa Eya."

"Kaa basi. Ukitaka vua na viatu." Alisema akicheka, lakini kicheko kilikuwa na mwiba. "Tulijua, bwana. Kila mtoto unamvulia viatu vile vile na hadithi ile ile ya mume. Mimi nilikuogopa. Nilijiambia, mtu anayejua kucheza hivi, usimpe kitu."

Wasila alikaa kwenye gogo. Akasema yote, bila kuyapanga: kwamba Eya hakutaka kukifikia kiangazi, kwamba wanamwita Redio, kwamba amemuuliza mama yake swali moja na mama hana haki ya kulijibu. Sirini alisikiliza akiendelea kubandika mikate. Katikati alisahau mmoja, ukaungua, akautoa na kuutupia kuku.

"Kaka yangu aliichukua simu yangu nikiwa naoga," alisema mwishowe. "Akasoma. Basi. Hakuna aliyenisaliti. Ni yeye na macho yake."

"Ulijua tangu zamani?"

"Tangu siku ile. Alinisomea mwenyewe, kwa sauti, mbele ya baba."

"Na mbona hukusema, Sirini? Mwenzako kabebeshwa..."

"Nilijuaje kabebeshwa nini? Na nimwambie nani?" Sasa alikuwa ameusogelea uso wa Wasila, unga hadi viwikoni. "Nani aliniuliza? Wewe na wenzako mliapa mtatufuata mpaka tuolewe. Nilisubiri. Lozi zikachanua, nikajisemea watakuja, Sers si mbali. Nilikuwa nimeshapanga nitasema nini. Hamkuja."

Wasila alikumbuka. Mwaka ule alipofika kwenye jina la Sirini, mwalimu alisema "kahama", naye akaandika kahama, akamwita anayefuata.

"Nisamehe," alisema.

"Sijui," Sirini alijibu. "Labda." Alijifuta mikono kwa aproni, akatoa simu mfukoni. "Kuhusu Eya, mwambie ukweli: mimi sikukuambia kitu. Nakuruhusu. Lakini usimpelekee wewe. Nipe namba yake."

Alimpigia palepale, akaenda kusimama nyuma ya nyumba, na Wasila akabaki kutazama moto asimuunguzie mikate. Walizungumza mpaka unga ukaanza kukauka juu ya ubao. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na aliyasingizia moshi.

Siku mbili baadaye Sirini alirekodi sauti yake na kuituma kwa kila msichana wa darasa lile aliyekuwa na namba yake. Wapo waliomwandikia Eya wakimwomba radhi. Mmoja alikuja mlangoni na sahani ya makarudi, vile vikeki vya tende, akakaa robo saa bila kujua aseme nini. Wengi hawakufanya kitu, na wawili watatu waliendelea kumwita Redio kwa mazoea tu, hata hawakumbuki tena kwa nini. Doa la miaka mitatu halitoki kwa kufuliwa mara moja.

Eya alikifikia kiangazi. Mtihani wa kumaliza sekondari alianguka, akaurudia, akapita kwa shida. Siku matokeo ya pili yalipotoka alicheka kile kicheko chake, Ridha akaangusha glasi. Lakini baridi zikija bado humjia na uzito, na bado anakwenda kwa daktari wake mwenye kikohozi. Daktari Munji alipomwambia kwamba anaweza kujitoa kwenye utafiti, alikataa. "Pale naulizwa na mtu asiyekuwa mama yangu," alisema. Dalenda humuuliza kila mwaka, na akitoka haelezi kitu. Wasila naye haulizi. Humwekea chai.

Kuhusu safari ya Sers, Wasila alikiri mwenyewe kwa Daktari Munji, na alikaripiwa kwa haki. Hakuuliza tena watoto wa Kef. Aliomba apewe wale walioandikwa kuhama. Daktari alisita, hapakuwa na kazi kama hiyo, wala gari. Wasila alisema gari lipo. Kwa hiyo sasa huzunguka: msichana aliyeolewa kule Tajeruin, kijana anayechunga kondoo wa mjomba wake karibu na mpaka, mwingine aliye gerezani na ambaye mara ya kwanza alikataa kumwona. Baadhi humfungia mlango. Sirini alikubali kuulizwa, lakini na mtu mwingine, na Wasila aliona hilo ni sawa.

Havui viatu tena. Huketi alivyo na kusema, "Tulisema tutakuja, hatukuja. Samahani." Kisha hungoja, na wengine humngojesha sana.

Eya anasoma chuo huko mji wa Jenduba. Hupiga simu nyumbani baadhi ya siku. Huongea kwanza na baba yake kuhusu mpira, halafu humtaka mama. Mara husema mambo yake, mara hasemi, na Wasila husimama jikoni na simu sikioni akimhadithia habari za paka wa jirani aliyezaa kwenye kapu la sufu, hata kama upande wa pili hakuna anayejibu ila pumzi.